Baiskeli Iliyotangulia Nyumbani

Kuna watu duniani wanaolipa ili wateremke mlima. Sikuamini mpaka Shedrack aliponionyesha picha. Lile gari la waya ambalo wakati wa theluji huwapandisha watu wenye mbao za kutelezea, kiangazi hufungwa ndoano kwa nje, baiskeli zikaning'inizwa pale kama mbuzi buchani, na wenyewe wakakaa ndani wakila chokoleti. Wakifika kileleni wanavaa kofia ngumu na ngao za magoti, wanateremka kwa njia iliyochongwa msituni na katikati ya malisho ya ng'ombe, wanafika chini wana matope mpaka kwenye meno, wanacheka, kisha wanapanda tena gari la waya. Wiki nzima. Hiyo ndiyo likizo yao.

"Na kazi yako wewe ni nini hapo?" nilimuuliza.

"Mimi natangulia, mzee. Wao wananifuata."

Albina alicheka mpaka akakaa juu ya bunda la jinzi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Kibosho, mteja wangu wa miaka mingi, na mdomo wake haukuwahi kupumzika. "Yaani kaka Shedi unalipwa kuteremka mlima? Kwetu mbuzi wanateremka kila siku na hakuna aliyewapa bahasha."

"Mbuzi wa Kibosho hawajui kufunga breki, dada."

"Na wewe ulijulia wapi? Si ulikuwa unafunga breki kwa kiatu?"

Alisema kweli. Shedrack alizaliwa Soni, kwenye milima ya Usambara, na tangu akiwa na miaka kumi na sita alibeba kabichi kwa baiskeli kutoka juu mpaka Mombo. Baiskeli ya chuma, magunia mawili nyuma, na kipande cha tairi alichokikanyagia gurudumu la nyuma ili lipunguze mwendo. Huko ndiko Mwaustria mmoja aitwaye Thomas, aliyekuwa akifundisha ufundi kwenye chuo cha kanisa, alikomwona akikata zile kona. Thomas alisimamisha gari, akashika kichwa. Mwaka 2007 alimwalika kwao, kwenye hoteli moja ya Milima ya Alpi. Shedrack akafanya kazi kiangazi kizima, akaosha baiskeli za wageni kwa mpira wa maji, akajifunza njia zao zilizopakwa rangi, ya buluu kwa waoga, nyekundu kwa wenye moyo, nyeusi kwa wenye wazimu. Mwezi wa mwisho wakampa wageni wa njia nyeusi awaongoze.

Nayaeleza haya ili aeleweke mtu aliyeingia kwenye ofisi yangu ya kusafirisha mizigo Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China, mwezi Mei 2009. Hakuwa mfanyabiashara. Alikuja Guangzhou mara moja tu, kununua baiskeli ishirini za milimani.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na sijasikia mzuri kuuzidi katika miaka yangu ya kupokea mizigo ya watu. Kampuni ya kina Thomas, yenye hoteli ile, haikuwa na kazi ya baiskeli wakati wa theluji. Ikakubali kuleta wageni wake Usambara kila Januari, kundi la kwanza watu kumi na wawili, waongozwe na Shedrack kwenye vijia vya kwao. Sharti lilikuwa moja. Bima yao haikumkubali kiongozi asiye na cheti, na kozi ya cheti ilifanyika kwenye hoteli ileile, mara moja kwa mwaka, ikianza siku ya kufungua msimu, Jumamosi tarehe 20 Juni. Visa ya Ulaya ilikuwa imegongwa Dar es Salaam kabla hajaondoka. Tiketi yake ilikuwa ya Alhamisi tarehe 18. Kilichobaki ni kupokea baiskeli, kuzipakia kwenye kontena, na kuruka.

Laoban, yaani bosi wa kiwanda, alisema kesho. Akasema kesho tena. Wachina wana neno la kesho kama sisi, na hulitumia kama sisi. Visa ya China ya Shedrack ikaisha tarehe 9 Juni, baiskeli bado kiwandani.

Miaka ya nyuma hilo halikuwa jambo. Nilifika mji huu mwaka 1999, na wakati ule siku zikizidi kulikuwa na ofisi, kulikuwa na watu, visa ikaongezwa huku ukinywa chai. Askari akikusimamisha barabarani unamwonyesha nakala ya pasipoti, anaitazama kama anavyotazama picha ya mtoto wa jirani, anakurudishia. Nikawafundisha wote waliokuja baada yangu: pasipoti halisi usitembee nayo, itapotea, itaibwa, tembea na nakala. Tangu mwaka wa Olimpiki mambo yakageuka. Visa haziongezwi. Wanasimama kwenye milango ya majengo ya maduka ya jumla, kwenye njia za kutokea treni ya chini ya ardhi, wanapanda ngazi mpaka vyumbani. *Huzhao, huzhao*, yaani pasipoti, ndilo neno la kwanza ambalo mtu mweusi husikia siku hizi akifungua mlango. Niliyaona hayo yote. Lakini somo langu sikulibadilisha. Nilimpa Shedrack lilelile: tembea na nakala.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo hasa niliyoipenda katika maisha yetu ya hapa. Nyuma ya meza yangu niliweka ubao wenye misumari, na kila msumari una ufunguo. Kila mwenzetu aliyepanga chumba Sanyuanli alichonga ufunguo wa pili na kuuleta kwangu. Ukishikwa, au ukilazwa hospitali, au ukafa, mtu mmoja kati yetu anachukua ufunguo, anakwenda kukihamisha chumba chako kabla mwenye nyumba hajabadilisha kufuli, na mzigo wako unaingia kwenye kontena la kwanza linaloondoka, bila kuulizwa, bila kuhesabiwa. Mtu anaweza kupotea. Mzigo wake utafika kwa watoto wake. Tulikuwa Wahaya, Wachaga, Wakenya wa Mombasa na wa Nairobi, na hakuna aliyewahi kukuta shati moja limepungua. Ufunguo wa Shedrack ulikuwa msumari wa tatu kutoka kushoto.

Wakati akisubiri, alitengeneza baiskeli moja ya sampuli aliyopewa na kiwanda na kuipanda kila alfajiri kwenye mlima wa Baiyun, ulio jirani. Alikuwa akirudi ofisini kwangu saa mbili, jasho linamtoka, uso umefunguka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeuchosha mlima wa watu?"

"Huu si mlima, mzee. Huu ni kichuguu chenye ngazi. Lakini miguu inataka kukumbushwa."

Baiskeli ile ilikuwa ya fedha, breki za sahani, springi mbele na nyuma, kitu cha kisasa kabisa, na juu ya siti amevalisha kava la kitenge chenye tausi, limejazwa sponji, limezungushiwa nyuzi za mapambo. Mkewe Yustina alilishona. Wabeba kabichi wote wa Soni wana kava kama hilo, na Shedrack alilibeba kutoka nyumbani ndani ya begi.

"Hili tandiko la bibi harusi nalo litakwenda Ulaya?" Albina alimuuliza.

"Litakwenda. Thomas mwenyewe alitaka la kwake."

"Maskini Wazungu. Kila kitu chetu wanakitaka isipokuwa sisi."

Akacheka Shedrack, akapiga kofi siti yake. Siku hizo alicheka kwa urahisi. Bado siku kumi, bado siku saba. Alikuwa ameandika tarehe 20 kwa kalamu kwenye mpini wa breki.

Baiskeli ishirini zilifika Jumatatu tarehe 15, zimo kwenye maboksi, moja kwa moja mpaka ghala la chini. Albina alikuwa na kontena la Dar es Salaam linalofungwa kesho yake jioni, na alimwachia nafasi. Kazi ikawa kama imekwisha. Jumanne saa nne asubuhi Shedrack alitoka kwenda kununua soksi nzito za baridi kwenye maduka ya Liuhua, karibu na stesheni. Hakurudi. Saa sita Mkenya mmoja alipita mlangoni kwangu akihema, akasema wamefunga njia pande zote mbili, wamejaza basi, na yule jamaa wenu wa baiskeli yumo.

Nilisimama. Sikufikiri, na kwa nini nifikiri? Kitu hiki nilikifanya mara kumi na moja kabla ya siku ile. Nilichukua ufunguo wa tatu, nikapanda ngazi mpaka chumbani kwake, nikafungua. Nguo zake nilizikunja kwenye begi. Biblia yake, viatu, picha ya Yustina na watoto. Na baiskeli ya sampuli, imeegemea dirishani na tausi wake.

Niliifungasha mwenyewe. Nilitoa gurudumu la mbele, nikageuza usukani, nikafunga fremu kwa boksi na gundi ili isikwaruzwe. Siti ilikuwa juu sana, nikailegeza na kuisukuma chini kwa viganja viwili. Chini ya sponji kulikuwa na kitu kigumu, bapa. Nilidhani Yustina ameweka kipande cha boksi ili kava likae sawa. Nikakumbuka mama zetu walivyokuwa wakitia boksi kwenye kola, nikamsifu moyoni. Mikono yangu ilikuwa juu ya kitu chenyewe.

Saa kumi na nusu kontena lilifungwa. Albina alitia alama kwenye karatasi: maboksi ishirini, baiskeli moja, begi moja, mali ya Shedrack. Alinitazama akasema, "Hata wakimkalisha, mzigo umeshapona." Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi ya maana. Lori likaondoka kwenda bandari ya Huangpu.

Jumatano saa tatu asubuhi simu ililia. Ilikuwa namba ya kituo cha polisi, na sauti ilikuwa ya Shedrack, tulivu kabisa.

"Mzee, shikamoo. Wamenipa dakika mbili. Nakala hawaitaki. Wanasema iletwe halisi. Wakiiona halisi na tiketi ya kesho, wananitoza faini ya siku nilizozidisha, wananipeleka wenyewe uwanja wa ndege. Wamesema hivyo. Kuna Mchina anayejua Kiingereza, ameniandikia."

"Iko wapi, mwanangu? Naileta sasa hivi."

"Baiskeli. Ile yangu. Chini ya kava la siti, fumua uzi upande wa nyuma. Imo pasipoti na barua ya Thomas."

Niligeuka nikautazama ubao wa funguo.

"Mzee? Sisi huko kwetu ndiko tunakoweka hela za kabichi. Wanyang'anyi wa njiani hupekua mifuko, kwenye siti hawagusi. Nilijua hata wakiingia chumbani hawataipata. Mzee, umenisikia?"

"Nimeshaipakia, Shedrack."

"Umepakia nini?"

"Vyote. Jana. Limeshaondoka."

Kule upande wa pili nilisikia mtu anakohoa, na kiti kinaburutwa. Halafu Shedrack akasema, "Asante mzee," kwa mazoea tu, kama mtu anayeshukuru kwa chakula, na simu ikakatika.

Tulikwenda Huangpu, mimi na Albina. Wakala wa bandari alikuwa kijana mwenye miwani, si mtu mbaya. Albina alimwambia afungue kontena, gharama yake, hasara yake, nguo zake zichelewe mpaka Krismasi kama ni lazima. Yule kijana akatikisa kichwa. *Meiyou*, akasema. Hakuna. Hati za forodha zimeshapita, lakiri imepigwa, na kulirudisha kunachukua wiki. Albina akamshika mkono, akamwambia kwa Kichina chake cha sokoni kwamba ndani kuna maisha ya mtu. *Meiyou, meiyou*. Kisha akanyoosha kidole dirishani. Kule nje makontena yalipangwa juu kwa juu, mekundu, ya buluu, ya kijani, mamia kwa mamia, na mashine iliyaokota moja moja na kuyaweka melini. Hatukujua hata lipi ni letu. Albina, mwenye mdomo usiopumzika, hakusema neno mpaka tuliporudi Sanyuanli.

Jumamosi waliniruhusu kumwona kwa dakika kumi. Nilimpelekea mkate na fulana. Alikaa upande wa pili wa kioo, ndevu zimeanza.

"Leo tarehe ngapi, mzee?"

"Ishirini."

Akatikisa kichwa polepole. "Wamefungua," akasema. "Saa hizi kwao ni asubuhi. Kwanza wanapeleka juu mafundi, wanakagua njia kama kuna miti iliyoanguka. Halafu wageni." Akaangalia kiganja chake, akakifunga kama anayeshika breki. "Kwa umri wangu, mzee, kozi hiyo hawachukui mtu aliyepita arobaini. Nilikuwa nimebakiwa na mwaka huu."

Nilimwambia Thomas ni rafiki, ataelewa. Nilimwambia mengi. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu.

Mtu asiye na pasipoti hawawezi kumfukuza wala kumwachia. Alikaa ndani Juni, Julai, na sehemu kubwa ya Agosti, ubalozi ukiandikiana na polisi. Meli ilifika Dar es Salaam katikati ya Julai, mzigo ukatoka bandarini mwanzoni mwa Agosti, lori likaupandisha Usambara. Yustina alifumua uzi kwa wembe na kuikuta pasipoti, kavu, haikukunjwa hata pembe. Akanipigia simu akilia. Akaituma kwa ndege. Kwa hiyo pasipoti ilisafiri kwenda kwao na kurudi Guangzhou kabla mwenyewe hajatoka mlangoni, na iliporudi ilifaa kitu kimoja tu, yaani kumfukuzia. Waligonga muhuri wa kumzuia kurudi China miaka mitano. Ukurasa uliotazamana nao ulikuwa na visa ya Ulaya, bado hai kwa wiki tatu. Kozi ilikuwa imeanza zamani, na haimpokei mtu mwezi Agosti. Thomas aliandika barua nzuri. Wale wageni kumi na wawili kampuni yake iliwapeleka Moroko.

Baiskeli ishirini zilikaa stoo ya kanisa. Baadaye Shedrack alijaribu kuwauzia wabeba kabichi, nao wakazikataa, tena kwa haki. Hazina keria. Ukitaka kuchomelea keria, fundi wa kijijini anakwambia hiyo ni aluminiamu, moto wake hana. Breki za sahani zikikwaruzika hakuna za kubadilisha hata Tanga mjini. Baiskeli iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayeteremka mlima bila kubeba chochote. Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo.

Na ule ubao wangu? Hakuna aliyenitamkia neno baya. Walikuja mmoja mmoja. Mzee, nimebadilisha kufuli, nitakuletea mpya. Mzee, nahamia Foshan. Mzee, mwenye nyumba hataki funguo mbili. Kila mmoja alichukua wa kwake kwa adabu, kwa mikono miwili, akauliza hali yangu ya mgongo. Kufikia Oktoba karibu ilibaki misumari tu. Albina alikuja wa mwisho, akasimama mlangoni bila utani wowote.

"Babu, nauomba ule wangu."

"Na wewe ukishikwa?"

"Nikishikwa, vitu vyangu vikae pale pale nilipoviacha."

Nikampa. Alikuwa na haki. Watu hawa wapya kila mmoja anafunga mlango wake na kutembea na roho yake mfukoni, na mimi, niliyekuwa nikiwasema kwamba wameua udugu wetu, ndiye niliyewapa sababu. Polisi walitushika miaka yote na hawakuweza kuiondoa desturi ile. Niliiondoa mimi, kwa gundi na boksi, nikiwa na moyo mweupe.

Shedrack alinipigia siku moja mwezi Desemba. Nilisikia upepo na magari, nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko kona ya chini ya Soni, amesimama kupumzisha tairi. Amerudi kwenye kabichi, kwa baiskeli ya chuma, na lile kava la tausi amelihamishia huko.

"Ile ya fedha je?"

"Nimemuuzia daktari mmoja wa Korogwe. Ameiweka sebuleni. Nilipofungua boksi, mzee, nilikagua kila mahali. Uliifunga vizuri sana. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja."

Alisema kwa nia njema. Ndivyo alivyo. Kisha akaniaga, kwa kuwa jua lilikuwa linapanda na kabichi zilikuwa zinanyauka, na nikamsikia anaisukuma baiskeli barabarani kabla hajakata simu.

Ufunguo wake bado uko kwenye msumari wa tatu. Mlango wenyewe ulishabadilishwa kufuli mwezi Julai.